Kilo Kumi na Moja

Meneja wa zamu alikuwa na tabasamu la mtu ambaye karatasi zake zote ziko sawa. Alimvutia Inspekta kiti, akamwagizia chai ambayo Inspekta hakuiomba, kisha akaisukuma fomu juu ya meza kwa ncha ya kidole.

"Soma mwenyewe, mama. Mimi sina la kuongeza."

Inspekta hakuigusa kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kama wa mkunga, na kazi yake katika kiwanja kile cha ndege ilikuwa kupokea malalamiko ya abiria na kuyachimba mpaka kwenye mzizi. Wafanyakazi wa mashirika walimbandika jina la Kupe, wakidhani hajui. Alikuwa anajua sana, tena alilipenda, maana kupe hang'oki mpaka ashibe.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi mchana, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkera. Ndege ya asubuhi ilikuwa na viti sabini na viwili. Tiketi zilizouzwa zilikuwa sabini na sita. Watu wanne waliachwa, na mmoja wao, fundi cherehani, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango ule ule. Alikuwa anakwenda kumtolea figo mdogo wake. Hospitali ya huko ilimtaka awe kitandani kabla ya saa moja jioni kwa vipimo vya mwisho, apasuliwe kesho yake saa mbili asubuhi. Daktari bingwa alikuwa mgeni, anaondoka kesho hiyo hiyo, na asingerudi mpaka baada ya miezi mitatu. Inspekta alikuwa ameshaongea na hospitali kwa simu. Walimwambia bila kupindisha kwamba mgonjwa hana miezi mitatu.

Ndege iliyobaki siku ile ilikuwa moja tu, ya saa tisa na nusu, ya shirika lile lile, nayo imejaa pomoni. Geti lake lingefungwa saa tisa na robo.

Kanuni yenyewe ilikuwa wazi. Shirika likiuza tiketi kuliko viti, kwanza litangaze, liombe watu wa kuachia nafasi kwa hiari na kwa masharti watakayokubaliana. Wasipopatikana, anayezuiwa bila kupenda kwake ana haki ya kutafutiwa kiti kwenye ndege ya kwanza inayokwenda huko, iwe imejaa au haikujaa. Lakini aliyejitolea kwa sahihi yake mwenyewe ameshaiachia haki hiyo. Anangoja anachopewa. Na fomu ya meneja ilisema fundi cherehani amejitolea, atasafiri kesho saa sita mchana.

"Alisaini wapi?" Inspekta aliuliza.

"Getini. Geti namba nne."

"Saa ngapi?"

"Si imeandikwa hapo? Saa nne na dakika tano."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu, kwa macho yangu haya mawili. Nilitangaza, akaja mwenyewe, nikamweleza masharti, akasaini juu ya meza ya geti. Tena akashukuru."

"Akashukuru!"

"Watu wana mambo, mama." Meneja akashusha sauti, akajisogeza kama mtu anayemtobolea mwenzake siri. "Nikwambie ukweli? Yule anaogopa kisu. Leo saa kumi na moja alfajiri mume wake alipiga simu kwetu, anataka tiketi iahirishwe. Imo kwenye kumbukumbu zetu. Woga umemwingia, kasaini, sasa anaona haya mbele ya ndugu zake. Wabaya tumekuwa sisi."

Inspekta akatoa daftari lake. Akaandika maneno yale yote, polepole, geti namba nne, saa nne na dakika tano, juu ya meza ya geti, kisha akamgeuzia.

"Niwekee sahihi kwamba ndivyo ulivyosema."

Meneja akasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukavuka mstari. Inspekta akaichukua ile fomu, akaiacha chai ikipoa.

Fundi cherehani alisimama alipomwona. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Alisahau kuivua tangu alfajiri. Pembeni yake palikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kamba, na lebo ya mizigo ya shirika ikipepea kwenye kamba hiyo.

"Wamesemaje, dada?"

"Kaa kwanza. Leo umesaini karatasi ngapi?"

"Moja. Kule kaunta namba tatu, nilipokuwa natoa mzigo. Ile ya kusema kitu kikivunjika wasilaumiwe. Hii hapa ndani ni cherehani yangu ya mkono. Nitakaa huko mwezi mzima, nikasema mikono haitakuwa na ugonjwa, nisije nikakaa bure."

"Uliisoma?"

"Mstari kwa mstari. Mpaka yule binti akaanza kunichoka. Tena mizani ilikuwa imekwama, akaipiga na goti, ikakataa. Nikasaini wakati tunaingoja itulie."

"Na getini?"

"Getini natoa kadi yangu ya kupandia, naambiwa mama kaa pembeni, wewe umejitolea. Nikamwambia meneja, baba, mimi nimejitolea kutoa figo, kiti sijamtolea mtu. Akacheka! Alicheka, dada, nami nimesimama mbele yake natetemeka."

"Hakuna aliyetangaza chochote? Aliyeomba watu waachie nafasi?"

"Sikusikia. Na masikio yangu ni mazima."

Inspekta alimtazama machoni. Aliona uchovu na hasira, lakini aliona na kitu kingine ambacho hakukipenda, nacho kilikuwa hofu, hofu hasa, ya kushika vidole na kuvikunja. Maneno ya meneja yakamrudia. Yeye mwenyewe aliwahi kuwaona watu wazima wakisaini jambo kwa woga kisha wakaapa kwa Mungu hawakusaini.

"Nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu dada yako. Uliogopa?"

"Naogopa hata sasa hivi ninavyoongea na wewe. Tangu juzi silali." Fundi alijifuta pua kwa ncha ya futi. "Lakini yule nimembeba mgongoni, dada. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyempeleka shule. Nikiogopa, nitaogopea huko huko kitandani."

"Mumeo yuko wapi?"

"Nje, kwenye gari. Amekataa kuondoka mpaka aone mwisho."

Mume alikuwa fundi bomba. Inspekta alimkuta kwenye maegesho, ameegemea pikapu yenye mabomba nyuma, anavuta sigara ya tatu au ya nne kwa kuhesabu vichungi vilivyokuwa miguuni mwake. Alipoulizwa kuhusu simu ya alfajiri alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nani kakwambia?"

"Ulipiga au hukupiga?"

"Nilipiga." Akaitupa sigara. "Usimwambie mama watoto. Nakuomba sana. Alikuwa bafuni anaoga. Nikasema, wakiniambia safari imeahirishwa, nitapata siku mbili tatu za kuongea naye vizuri. Na mimi ni binadamu. Namtaka mke wangu akiwa mzima."

"Walikujibu nini?"

"Kwamba haiwezekani mpaka mwenye tiketi apige mwenyewe. Nikakata. Nikambebea sanduku lake mpaka kwenye gari, basi." Akaikanyaga ile sigara. "Lakini nakuapia, hili la leo silo langu. Tangu aachwe nimekaa hapa namwona shemeji yangu usoni, nimejuta mpaka basi. Kama wangenipa mimi kisu, ningekwenda mimi."

Inspekta alimwamini. Tatizo ni kwamba imani haikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye faili. Simu ilikuwapo, woga ulikuwapo, na sahihi ilikuwapo. Meneja alikuwa na mambo matatu na yeye hana hata moja. Saa yake ya mkononi ilisema saa nane kasoro dakika tano.

Alirudi ndani, akasimama kwenye dirisha kubwa la ukumbi, akaitoa fomu na miwani yake ya kusomea. Kila kitu kilikuwa mahali pake: jina, namba ya ndege, saa, vyote kwa wino mweusi unaong'aa. Chini kabisa ikafuata sahihi ya fundi, duara tatu na mstari. Ilikuwa ya buluu.

Haya. Watu hubeba kalamu zao. Hilo halikuwa neno.

Akaisogeza karibu na kioo. Wino wa meneja ulikuwa umezama kwenye karatasi. Sahihi haikuzama. Ilikaa juu juu, ya vumbivumbi, na alipoipitishia kidole gumba ilichafuka kidogo pembeni. Inspekta alishusha pumzi. Ujana wake aliuanzia kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, akiandika stakabadhi mbilimbili kutwa nzima, na vidole vyake vilikuwa vikiijua rangi ile kabla macho hayajaijua.

Ndipo akakiona kingine. Juu ya sahihi, kwenye sehemu nyeupe isiyo na mstari wala maelezo, palikuwa na alama mbili hafifu za buluu hiyo hiyo, zimesimama wima, na nyuma yake herufi ndogo. Aliinamisha karatasi huku, akaiinamisha kule. Kumi na moja. Na ile herufi ilikuwa K.

Karibu aage utu uzima wake kwa mbio alizorudi nazo kwenye benchi. Fundi alishtuka kumwona anapiga magoti mbele ya sanduku na kuikamata lebo.

Uzito: kilo 11.

"Dada, kuna nini?"

"Usitoke hapa. Hata chooni usiende."

Kaunta namba tatu ilikuwa na binti mmoja, nywele zimefungwa vizuri, kitambaa cha sare shingoni. Mbele yake hapakuwa na mtu. Inspekta akautupa mkoba wake kwenye mizani.

"Habari za kazi, mwanangu. Nina vyombo vya kioo humu. Nipe ile fomu ya mzigo wa kuvunjika."

"Mama unasafiri?"

"Nikipata fomu."

Binti aliangalia kulia na kushoto. Mkono ukaelekea kwenye rundo la fomu lililokuwa wazi juu ya kaunta.

"Hizo hapana," Inspekta alisema. "Nipe zile za kwenye droo."

Kijasho chembamba kikamtoka binti juu ya mdomo. "Zipi?"

"Wanazosaini wanaosafiri peke yao."

Droo aliikisia tu, na hilo la mwisho alibahatisha. Alikuwa amekumbuka malalamiko mengine mawili ya mwezi ule, moja la mzee mjane na jingine la mwanafunzi, wote wakidai hawakujitolea, wote bila mtu wa kusimama nao. Alilirusha tu kama mtu anayetupa jiwe gizani, na likagonga bati. Binti alifungua droo mwenyewe. Akatoa fomu ya mzigo, akaiweka juu ya kaunta, na kiganja chake cha kushoto kikakandamiza kona ya juu, kwa mazoea ya mkono usioulizwa.

"Toa mkono, mwanangu."

Mkono ukatoka. Inspekta akaishika ile karatasi kwa kucha mbili, akaifunua. Chini yake palikuwa na karatasi nyembamba ya kaboni ya kunakilia, ya buluu, iliyokatwa ikabaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Na chini ya kaboni palikuwa na fomu ya kujitolea kuachia kiti, haina jina wala tarehe, inangoja.

"Mungu wangu," binti alisema, kana kwamba na yeye anaiona kwa mara ya kwanza.

"Nani anazipanga?"

"Meneja. Anatuletea asubuhi zikiwa tayari, pamoja na orodha. Anasema wako peke yao, hawatasumbua." Machozi yalikuwa yameshafika. "Sisi tunasainisha tu. Jina na saa anajaza yeye baadaye."

"Na uzito unaandika wakati gani?"

"Kabla. Naandika kilo kwanza, halafu ndiyo naiweka juu ya hiyo nyingine. Ametuonya kabisa, kilo kwanza." Inspekta alimwacha afike mwenyewe. "Leo mizani ilikwama. Yule mama wa cherehani alishasaini. Mizani ilipotulia, nikaandika kilo pale pale, kabla sijazitenganisha."

"Nipe fomu yake ya mzigo."

Ilikuwa kwenye faili. Inspekta akaiweka juu ya ile ya meneja, akaziinua zote mbili kwenye taa. Duara zikakaa juu ya duara, mstari juu ya mstari, kumi na moja juu ya kumi na moja. Hata mtu asaini mara elfu, hawezi kujifuata namna ile. Saa nane na dakika ishirini na tano.

Meneja alikuwa tayari kwenye geti lile lile namba nne, redio mkononi, abiria wa saa tisa na nusu wamekaa mbele yake wanamtazama. Alipomwona Inspekta akija na fundi cherehani nyuma, na nyuma ya fundi mume kabeba sanduku begani kwa kibali cha Inspekta, tabasamu lilirudi, ila halikukaa vizuri.

"Mama, hapa ni eneo la kazi."

"Swali moja tu. Getini hapa kuna mizani?"

"Mizani ya nini? Mizigo hupimwa kaunta."

"Hakuna hata ndogo?"

"Hakuna. Ya kazi gani?"

Inspekta akaifungua fomu, akamwonyesha kwa kucha. "Huyu mama alisaini hapa, juu ya meza hii, mbele ya macho yako mawili. Umeniandikia. Sasa nieleze, uzito wa sanduku lake umefikaje juu ya sahihi yake?"

Meneja aliinama kutazama. Aliinama sana, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kusoma tarakimu mbili. Aliponyanyuka, rangi ya uso ilikuwa imembadilika.

"Kaboni ninayo kwenye mkoba," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Droo nimeifunga na ufunguo ninao. Yako tutayamaliza kesho, mimi na wewe na wakubwa wako. Leo kuna jambo moja. Huyu amezuiwa bila kupenda kwake. Mtafutie kiti."

"Ndege imejaa. Kweli imejaa, sikudanganyi."

"Unajua inavyofanywa. Shika kipaza sauti."

"Watagoma. Watanitukana hapa."

"Watukane. Geti linafungwa baada ya dakika arobaini."

Meneja akashika kipaza sauti. Alijikohoza, akaeleza kwamba tiketi zimezidi viti, kwamba kuna abiria anahitajika hospitali leo hii, kwamba atakayekubali kusafiri kesho atalipwa fidia na atalazwa hotelini kwa gharama ya shirika. Watu wakatazamana. Mtoto akalia. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kubwa kwamba huo ni wizi wa mchana, na wengine wakaitikia. Fundi cherehani alikuwa ameishika futi yake kwa mikono miwili, kaivuta mpaka imenyooka, na mumewe nyuma yake anamwangalia kisogo bila kupepesa.

"Hiyo hoteli," bwana mmoja mnene wa safu ya tatu aliuliza, "ina chakula cha asubuhi?"

"Ipo... kinapatikana, ndiyo."

"Na cha jioni?"

"Na cha jioni."

"Mimi nakwenda kwa mama mkwe," bwana akasema akinyanyuka. "Kesho bado atakuwepo." Geti zima likacheka, isipokuwa watu wanne.

Inspekta aliangalia saa. Kutoka meneja alipofungua mdomo mpaka bwana yule alipokabidhi kadi yake, zilikuwa zimepita dakika nne. Alifikiria mzee mjane, akafikiria mwanafunzi, na kwa mara ya kwanza siku ile alitamani kumpiga mtu.

Kadi mpya ikachapwa. Mume akaliweka sanduku chini, akabaki kasimama, mikono haina pa kwenda.

"Mama watoto," alisema, "leo alfajiri nilipiga simu..."

"Najua. Bafuni kuna dirisha." Fundi akaivua futi shingoni, akamvisha yeye. "Nitunzie. Ukimaliza kunililia, uwapigie hospitali waambie nakuja."

Abiria wa mwisho walipokwisha kupanda, redio ya meneja ilikoroma: dakika mbili. Inspekta alifungua daftari haraka, akalilaza juu ya meza ya geti. Alikuwa ameshayaandika maelezo ya abiria, ukurasa mmoja, maneno ya fundi mwenyewe. Bila sahihi yake, kesho mbele ya wakubwa meneja angeteleza kama sabuni.

"Saini hapa, mwaya, ukimbie."

Fundi cherehani alichukua kalamu. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akasoma mpaka chini, mhudumu wa mlangoni akimwita, mama, mama tafadhali. Inspekta hakumharakisha.

Kisha fundi akaishika kona ya ukurasa, akaufunua, akaangalia chini yake. Palikuwa na ukurasa mwingine, mweupe, mtupu. Aliupitishia kiganja chote kuhakikisha, akaurudisha wa juu, akasaini.